Nilimrudishia Papa Ginipigi Asiye Wake

Baba yangu haoni, na mimi nilitumia hiyo kumdanganya. Naanza na hapo ndiyo usije ukanihurumia katikati. Nina hasira na watu kadhaa kwa haya mambo, lakini wa kwanza ni mimi.

Nimeolewa Kitale. Nafuga ng'ombe wa maziwa, na asubuhi nauzia watu wa Kipsongo na vibanda vya chai. Papa anaishi peke yake upande wa Kimilili tangu Mama atuache. Macho yake yaliharibika pole pole, sasa anajua tu kama mlango uko wazi ama umefungwa. Vitu vingine vyote anavijua kwa mikono.

Mama alikuwa anafuga ginipigi jikoni, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia. Huku kwetu wengi wanafuga, ati nyoka haingii mahali wako. Sijui kama ni ukweli. Baada ya Mama kuzikwa wale wengine waliisha, akabaki mmoja, jike mweupe mwenye mgongo wa kahawia. Mama alimwita Nekesa kwa sababu alizaliwa wakati wa kuvuna. Sikio lake moja lilikuwa na pengo, kuku alimdonoa akiwa mdogo.

Huyo Nekesa ndiye alikuwa mtu wa Papa. Akisikia kisu kinakata sukuma wiki, anapiga kelele, wii, wii, mpaka apewe majani. Jioni Papa anamweka kwa mapaja anamweleza habari: nani amepita, nani amekufa, mahindi ya nani yameibiwa. Ndugu yangu Wafula, anayefanya kazi Bungoma, alikuwa anasema mzee ameoa panya. Mimi nilikuwa nacheka naye.

Mvua ya mwaka huu ilipoanza, Nekesa akaacha kula. Alikuwa mzee, mgongo umebaki mifupa. Papa akanipigia simu. "Anakuja kwa bakuli, ananusa, anarudi," akaniambia. "Mdomo umelowa tu." Kumbe alikuwa anatafuna kabichi yeye mwenyewe, halafu anampa kwa kidole.

Nikaenda. Nikamwambia anipe huyo mnyama nimpeleke Kitale, daktari wa ng'ombe zangu amwangalie. Papa akakataa. Nikasukuma. Mimi ni mtu wa kusukuma, hata mume wangu atakwambia. Mwishowe Papa akatafuta katoni, akatandika nyasi, akamweka ndani polepole.

"Haya," akasema. "Nimekuwekesha. Unajua maana yake."

Nilijua. Kwetu mtu akikuwekesha ng'ombe yake, unaichunga, unakunywa maziwa, lakini ikikufia unampelekea ngozi. Lazima aguse ngozi yake. Usipoipeleka, watu wanajua uliuza ama ulikula. Nimekua nikiona wazee wakibebeana ngozi kwa baiskeli. Hakuna mtu wa kuniambia sikujua.

Daktari alimfungua mdomo akanionyesha. Meno ya nyuma yalikuwa yamerefuka, yanamkwaruza ulimi. Akayapunguza. Akaniambia, "Mama, huyu amezeeka. Utamsaidia, lakini hatakaa sana. Mpe chakula laini, kidogo kidogo. Na tafadhali, usimpe dawa ya ng'ombe. Ile penisilini yenu inaua hawa, inaharibu tumbo."

Nilisikia vizuri. Hata nilirudia maneno yake, nikamwambia sawa daktari, penisilini hapana.

Na nikamtunza, hiyo siwezi kukataa. Nilikuwa naponda majani na maji, navuta kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, naweka pembeni ya mdomo. Anameza kidogo, anapumzika, ananiangalia. Nilimpangusa kidevu na kitambaa nilichokuwa nabebea watoto wangu. Asubuhi moja nakata sukuma, nikasikia wii. Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza, lakini ilikuwa yeye. Nililia hapo kwa jiko nikiwa na kisu mkononi. Nikampigia Papa, nikaweka simu karibu na katoni. Papa akacheka vile alikuwa anacheka Mama akiwa hai.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu.

Baadaye Nekesa akafura chini ya taya. Usaha. Nikampigia daktari, akasema yuko juu huko Kapsokwony anachanja ng'ombe, barabara imeharibika na mvua. Nimsafishe na maji ya chumvi, nimlishe, nimngoje. Wakati huo huo ng'ombe yangu moja ilikuwa karibu kuzaa, wateja wa maziwa wananipigia kelele, na Wafula naye akapiga simu.

"Bado unanyonyesha panya?" akauliza. Nikasikia watu wengine wakicheka nyuma yake. "Dada, si umalize hiyo maneno. Piga yeye sindano ya ng'ombe, akipona apone, akikufa akufe. Hapo umefanya nini kibaya?"

Wafula akili yake iko kwa kicheko tu, na ningetaka kumlaumu mpaka kesho. Lakini Wafula alikuwa Bungoma. Mkono uliofungua kabati ni wangu. Chupa ya penisilini ilikuwa imebaki ya ng'ombe aliyeugua kiwele. Nikavuta kidogo, nikamdunga. Nikajiambia kidogo haiwezi kuua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona aibu kuchekwa. Nilitaka iishe, na sikujali iishe kivipi.

Akaacha kula tena. Tumbo likafura, akaanza kuharisha. Hakupiga kelele hata kidogo. Nilitoka kukamua nikamkuta amelala kwa gunia karibu na jiko, amenyooka, baridi.

Sasa sikia nilichofanya. Jirani alikuwa kwa ua analisha kuku wake. Nikafikiria vile atasema, huyu mama anachimbia panya kaburi. Nikamfunga Nekesa kwa karatasi ya nailoni nikampeleka chooni. Choo cha shimo. Mnyama ambaye mama yangu alimpa jina na baba yangu alimtafunia chakula. Nikanawa mikono nikaenda kuuza maziwa.

Jioni nikamwambia Wafula. Akasema, "Nunua ingine, bana. Mzee haoni."

Na mimi nikanunua. Kipsongo kuna mama anawafuga nyuma ya nyumba, nikapata jike mweupe mwenye mgongo wa kahawia, mchanga, amenona. Rangi ya nini, na ni mtu haoni? Hata hiyo sikufikiria. Nilichofikiria ni sikio. Papa huwa anashika lile sikio akiongea, anapitisha kidole kwa pengo.

Nikachukua makasi.

Alilia, huyo mtoto wa watu. Alilia na akanikojolea, na mimi nikamshikilia mpaka nikamaliza. Nikapaka dawa. Nikangoja pakauke kidogo, nikamweka kwa ile ile katoni ya Papa.

Papa alikuwa ameketi nje ananingoja, amevaa koti lake la kanisa. Nikamwekea mnyama kwa mapaja. "Amepona, Papa. Hata ameongeza mwili."

Akapitisha mkono mgongoni. Akashika miguu. Halafu kidole kikaenda kwa sikio, kikasimama hapo. Pale palikuwa na kigaga. Yule mnyama akatetemeka, na Papa akatoa kidole haraka.

"Huyu amekatwa juzi," akasema.

Nikasema alijikwaruza kwa waya. Usiniulize hiyo ilitoka wapi. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Nekesa alikufa?"

"Hapana, Papa. Si ndiye huyu."

Akamfunika yule mnyama na koti, mkono juu. Halafu akaongea na sauti ya chini, na ningependa angepiga kelele.

"Ng'ombe ya mtu ikikufia unampelekea ngozi. Nilikuambia nimekuwekesha. Unadhani nilikutuma umponye? Mnyama mzee vile? Nilijua anakufa. Nilijua kabla hujakuja na daktari wako. Nenda nyuma ya nyumba uangalie."

Nikaenda. Kando ya kaburi la Mama kulikuwa na shimo dogo, limechimbwa na mtu asiyeona, pande zake hazilingani. Juu yake alikuwa ameweka bati na jiwe, mvua isiingie.

Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake, nikasema yote. Dawa nikasema. Makasi nikasema. Papa alikuwa anaitikia tu na kichwa, hata kwa makasi. Halafu akauliza, "Na umemweka wapi? Kesho twende tumchukue."

Akauliza tena, akiita jina langu. Nikamwambia.

"Chooni," akasema. Hakuuliza. Alisimama, akamfumbata yule mnyama kifuani, akapapasa mlango akaingia. Nikasikia komeo. Niliongea na huo mlango mpaka sauti ikaisha, ikabidi nirudi Kitale.

Simu zangu anashika. Anasema wako salama, ng'ombe zangu je, watoto je, halafu anakata. Wafula ananiambia nimpe tu wakati, ati wazee husahau. Nilimwambia asiwahi kunitajia neno panya tena maishani, na tangu hapo hatuongei sana.

Nimeenda mara nyingine, akanipokea na chai. Yule mnyama amezoea nyumba, sikio limepona, Papa anamlisha vizuri. Hajampa jina. Alikuwa amelala kwa miguu ya Papa, na mimi niliposema hodi alikimbia chini ya kitanda. Papa alimwita mpaka akachoka, halafu akaniambia, bila ubaya wowote, "Hatatoka mpaka uende."

Wewe uliyeachiwa kitu cha mtu, hata kama watu wanakucheka, hata kama ni kuku mmoja mwenye mafua: kikikufia, kibebe hivyo hivyo kimekufa ukipeleke. Utatukanwa, sawa. Utatukanwa ukiwa na kitu mkononi. Mimi sina cha kupeleka. Lile shimo Papa hajalifukia, na bati liko juu yake mpaka leo.