Nani Mwingine Kasema?

Mhariri wetu hutembea ofisini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Gazeti alilianzisha mwenyewe, humu humu, katika chumba kilichoachwa na fundi cherehani, na mpaka leo akiinama kuokota peni huinuka na sindano. Huichomeka kwenye ukosi wa shati na kuisahau. Ukimpelekea habari, haisomi kwanza. Hufumba macho, vidole vikipapasa karatasi kana kwamba ni kitambaa, kisha huuliza kwa ile sauti yake ya usingizini, "Nani mwingine kasema?" Kama huna mwingine, anakurudishia karatasi yako na tabasamu juu, nawe unaanza upya. Na habari ya msiba ndiyo usiseme: hupiga simu mwenyewe nyumbani kwa marehemu, akiomba radhi kabla hajauliza.

Asubuhi ile jua lilikuwa limelala juu ya meza zetu, vumbi likielea polepole, mdogo wa mkewe alipoingia, viatu mkononi.

"Shemeji," alisema, "dada ametutoka. Sasa hivi, hospitalini."

Mhariri alifumba macho. Vidole vilitafuta karatasi, vikapapasa meza tupu.

"Nani mwingine kasema?"

Shemeji yake alitugeukia. Ndipo mhariri akaivuta simu, akapiga nyumbani kwake. Ofisi nzima tuliisikia ikiita, ikiita, na hakuna aliyethubutu kumwambia akate. Sote tulikuwa tunaomba ipokelewe.