Waranti ya Pikapu na Mtamba wa Mzee Gidamara

Nakumbuka siku moja kwenye yadi ya magari pale Arusha, tukiwa wanne. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mjomba wako Paskali, ambaye ndiye angeendesha. Alikuwepo mama yako Veronika, akiwa kidato cha pili, amevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Na alikuwepo muuzaji, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Mzee Gidamara wa Dirma hakuwepo, lakini bei ya mtamba wake nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Mwanangu, umenipigia simu kuuliza kama ulipie waranti ya nyongeza kwenye gari unalotaka kununua. Nilikuambia nitakuandikia, kwa sababu jibu langu ni refu kidogo, nalo linaanzia kwa ng'ombe.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili, mjomba wako na mama yako, hapa Dongobesh. Mzee Gidamara alikuwa mfugaji wa kule uwandani, aliyezoea kununua mahindi kwa baba. Alikuja kutuona mara mbili bila kusema anataka nini. Mara ya tatu alikuja na ng'ombe wa maziwa, akanikabidhi. Unajua utaratibu huo ulivyo huku kwetu. Maziwa na samadi ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi. Akishaiona, hadai. Ng'ombe yule ndiye aliyetulea. Alipozeeka, Mzee alisema tubaki naye, ila siku nikipata nguvu nimpelekee mtamba mmoja.

Nguvu ilikuja na vitunguu saumu. Biashara ilikuwa imefunguka, wanunuzi wanakuja wenyewe mpaka shambani, na mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, watu wanajenga Babati, kila mtu anatafuta usafiri. Tukaamua kununua pikapu iliyotumika. Mwaka huohuo Mzee alituma mtu. Ukame ulikuwa umemmalizia mifugo, ng'ombe wachache waliobaki wamekauka maziwa, na nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wadogo. Aliomba yule mtamba sasa, na kama inawezekana awe mwenye mimba. Kwa hiyo mpango ulikuwa tununue gari Arusha, tukirudi tupite mnadani, tumpeleke mtamba Dirma.

Tulipomaliza kulipia pikapu, muuzaji akatoa karatasi nyingine.

"Hii gari ina waranti ya miezi mitatu tu, mama. Ukiongeza kidogo unapata miaka miwili. Kitu kikiharibika unakileta hapa, sisi tunabadilisha."

"Nakileta tu?"

"Unakileta tu."

Basi nikaona nimemwelewa. Kwangu ilikuwa ni ngozi: kitu kimekufa, unakipeleka, mwenyewe anaona, yanaisha. Sikujua kwamba kuna namna nyingine ya kuahidi. Hiyo "kidogo" yake ilikuwa sawasawa na bei ya mtamba.

Mama yako akanivuta kanga. "Dada, nisome kwanza?"

"Akianza kusoma huyu tutalala hapahapa," Paskali akasema. "Juzi alisoma karatasi ya dawa ya kuku mpaka kuku akafa."

Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma polepole, kwa kidole, na sikutaka kijana yule ajue hivyo, wala sikutaka mtoto niliyemlea anisomee mbele yake. Nikamwambia, "Wewe soma vitabu vyako. Karatasi za biashara ni zangu." Nikafungua pindo la kanga, nikatia sahihi. Nilijiambia kwamba gari likishalindwa, mtamba atapatikana mwezi unaofuata.

Baada ya miezi mitano, mtamba akiwa bado hajapatikana, tukipanda mlima kutoka Dareda na mzigo wa simenti, springi za nyuma zikakatika. Fundi wa Dongobesh alisema kazi ni ya siku moja. Nikamwambia azifungue tu, asiweke nyingine. Nikazitia kwenye gunia, nikapanda basi kwenda Arusha. Kondakta akaniuliza kama nafanya biashara ya vyuma chakavu. Nikamjibu kwamba atanyamaza siku nikirudi na mpya. Nilikwenda na mama yako, maana shule ilikuwa imefungwa na gunia lilikuwa zito.

Muuzaji aliziangalia springi kwa heshima. Akauliza nani amezifungua. Kisha akampa Veronika ile karatasi, akamwonyesha mahali pa kusoma. Mama yako alisoma kwa sauti, taratibu, bila kuniangalia. Springi hazimo. Shokapu hazimo, wala klachi, wala breki, wala matairi. Kilichomo ni injini na giaboksi, nazo ni pale tu gari linapopelekwa sevisi kwenye gereji yao Arusha kila baada ya kilomita zilizoandikwa, na hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Mimi nilikuwa nimelipeleka sevisi kwa fundi wa Dongobesh mara mbili.

Kijana yule hakunidanganya, na sitaki umfikirie hivyo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Injini yenyewe haikusumbua hata siku moja kwa miaka yote miwili.

Nilikwenda Dirma kumweleza Mzee. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikasema yote. Wale wajukuu walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Mzee akauliza, "Huyo mtu wa gari, alikuuliza unapita njia gani?"

"Hapana, Mzee."

"Alikuuliza utabeba nini?"

"Hapana."

"Mimi nilikuja kwenu mara mbili. Niliangalia maji yenu yako wapi. Niliangalia zizi. Nilikuangalia wewe, kama unaamka mapema." Akatabasamu. "Sasa, kama ungeniletea ngozi ya ng'ombe aliyeuawa na fisi, ningekuambia fisi hayumo? Huku kwetu ng'ombe anauawa na nini kingine?"

Nilimpelekea mtamba mwenye mimba msimu wa tatu baada ya hapo, nilipoweza. Alimshika masikio, akamzunguka, akaridhika. Akasema, "Huyu ni ng'ombe, nimempokea. Ule mwaka wa ukame bado hujaulipa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usikatae waranti kwa sababu mimi iliniumiza. Gari lako litapita lami, Babati na Arusha, na gereji yao haiko mbali nawe. Kwangu ilikuwa safari ya siku nzima. Lakini kwanza nenda kwa fundi anayetengeneza magari ya aina hiyo, umuulize ni kitu gani kinakufa kwanza kwenye barabara yako. Mwambie akutajie. Kisha chukua ile karatasi utafute vitu hivyo kimoja kimoja. Kama havimo, hela hiyo iweke pembeni, ndiyo waranti yako. Kama vimo, na kuharibika kwa kimoja kunaweza kukurudisha kutembea kwa miguu, lipa. Uliza pia ni jambo gani ukilifanya linaifuta karatasi, maana wewe una mkono wa kugusagusa kama mjomba wako. Na ukiwa na mtu anayesoma vizuri kuliko wewe, mwache asome, hata kama ulimfunga nepi wewe mwenyewe. Zaidi ya yote, angalia hela unayotaka kulipia ni ya nani.

Mungu akutangulie barabarani, akupe breki zinazoshika na abiria wenye shukrani, akufikishe na kukurudisha.

Ukishanunua, njoo unichukue siku moja unipeleke Dirma. Mzee ameshafariki, na wale wajukuu sasa wana watoto wao. Nimekuwa nikiwapelekea maziwa kila nikipata usafiri. Wanayapokea vizuri, wananiita bibi. Ila ule mwaka bado.