Mianzo Mitatu ya Kitabu Kimoja

Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu aliandika kumbukumbu za Kamati ya Dini Mbalimbali, na katika miaka yote hiyo hakuiona kamati ikimaliza kitu chochote isipokuwa maji ya kunywa. Pale ofisi ya elimu walimwita Bi Kumbukumbu. Jina hilo alilipokea kama mtu anavyopokea kikombe kilichobanduka ukingo: si kizuri, lakini chai inanyweka.

Kwa maandishi, kazi ya kamati ilikuwa kuzisaidia shule kufundisha dini, ili mtoto wa huyu amfahamu mtoto wa yule. Msaada wenyewe ulikuwa hivi. Mara moja kwa mwezi watu wanne walipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, wakaketi kwenye meza ndefu ambayo mguu wake mmoja ulitiwa kipande cha kadibodi, wakazozana, kisha wakapanga tarehe ya kuzozana tena. Tarehe hawakuigombania kamwe.

Kichwani mwa meza alikaa Mwenyekiti, mkaguzi wa zamani wa shule, mtu aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kusema. Kulia kwake Sheikh, mwenye sauti nzuri na mwenye kujua kuwa anayo. Kushoto Mchungaji, aliyewakilisha makanisa yote, jambo ambalo makanisa mengi hayakuwahi kuambiwa. Na karibu na dirisha Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa mjini na kuwawakilisha Wahindu. Yeye alifika kabla ya wote, akavua viatu chini ya meza, na kabla ajenda ya pili haijaguswa kidevu kilikuwa kimeshatua kifuani.

Bi Kumbukumbu aliwadharau wote, lakini Fundi Saa alimdharau zaidi. Wale wengine walau waligombana, na kugombana nako ni kazi, mtu anatoka jasho. Huyu alipanda ngazi zote zile kuja kulala kwenye kiti cha serikali.

Miaka mitatu nyuma kamati iliazimia kuandika kitabu cha dini cha darasa la nne, ambacho watoto wa dini zote wangekisoma pamoja. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Maudhui. Kamati Ndogo haikukutana hata siku moja. Bi Kumbukumbu alingoja mwaka, akachoka. Akachukua daftari, akaenda msikitini, kanisani na hekaluni, siku za mapumziko yake. Hakuwauliza wakubwa, maana wakubwa aliwajua. Aliwauliza wanaofagia, wanaopanga viatu mlangoni, wanawake wanaofua vitambaa vya madhabahu. Akaandika kurasa sitini, maneno mepesi, mtoto wa miaka kumi asome bila kukwama. Juu akaandika: *Imeandaliwa na Kamati Ndogo ya Maudhui.*

Siku alipoziweka mezani, Mwenyekiti alizipapasa kama anapapasa tumbo la ng'ombe.

"Nawapongeza wajumbe wa Kamati Ndogo," alisema. "Mmefanya kazi usiku na mchana."

"Haikuwa rahisi," alisema Mchungaji.

"Tumejitahidi," alisema Sheikh, akashusha macho kwa unyenyekevu.

Hapo ndipo Bi Kumbukumbu alipojua kuwa kuna watu wanaoweza kudanganya bila kujua wanadanganya, nao ndio hatari zaidi.

Ikabaki kukipitisha. Kamati ilikuwa na kanuni yake ya kupitisha maandishi, iliyozaliwa zamani, siku Mchungaji alipogusa koma moja kwenye ukurasa wa Sheikh na kikao kikavunjika kwa miezi mitano. Tangu hapo kila mjumbe alisoma kurasa za dini yake tu. Waliiita kuheshimiana. Kwa lugha ya nyumbani ilikuwa: ukigusa zangu, nitagusa zako. Na hata hizo zake mjumbe hakuzisoma hasa. Alihesabu mistari, ahakikishe jirani hakumzidi.

Mistari ilikuwa sawa. Bi Kumbukumbu hakuwa mjinga. Wakagombania lililobaki: dini ipi itangulie.

"Tufuate alfabeti ya nyumba za ibada," alisema Mchungaji, ambaye alikuwa ameshafanya hesabu kwamba kanisa lina K na msikiti una M.

"Alfabeti ya nani?" aliuliza Sheikh. "Hekalu litatutangulia sote, halafu ninyi, halafu sisi mkiani. Tufuate wingi wa watu."

"Uliwahesabu lini?"

"Njoo Ijumaa utazame viatu."

"Na wewe njoo Jumapili utazame magari."

"Waheshimiwa, waheshimiwa," alisema Mwenyekiti, ambaye alifurahia kila neno. "Suala hili ni zito. Tulipe muda."

Walilipa vikao vinne. Penye dirisha, Fundi Saa alikoroma polepole kama maji kwenye birika.

Kisha ikaja barua kutoka kwa mkuu wa elimu, nusu ukurasa tu. Kama kitabu hakijatiwa sahihi na wajumbe wote kufikia Ijumaa, kipindi cha dini katika darasa la nne kitafutwa kwa mwaka mzima na nafasi yake kupewa hesabu. Walimu wa mkataba walioajiriwa kwa ajili ya kipindi hicho hawatahitajika.

Mmoja wa walimu hao alikuwa binti wa kaka yake Bi Kumbukumbu. Alikuja ofisini Jumatano mchana, bado ana chaki kwenye kiwiko, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Shangazi, ni kweli?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Niambie, ni kweli wamekwama kwenye nani aanze?"

"Ni kweli."

"Watu wazima?"

"Wazima kwa umri, mwanangu."

Binti akaketi sasa, bila kuambiwa tena. Alikuwa na watoto sitini na wawili darasani, wa kila namna, nao kwa mwaka mzima aliwafundisha kwa karatasi moja iliyofifia. Baba yake alikuwa mgonjwa, na mkataba ule ndio uliokuwa ukiwasha jiko la nyumba. Haya hakuyasema, shangazi yake aliyajua, maana mgonjwa alikuwa kaka yake.

"Juzi mmoja kaniuliza," alisema binti, "kwamba jirani yake akiinama chini anatafuta nini. Kama kapoteza kitu. Nikamwambia tutasoma kitabu kikija. Sasa nimwambie nini? Kitabu kimekwama kwenye foleni?"

"Nenda kafundishe," alisema Bi Kumbukumbu. "Ijumaa bado."

"Shangazi, wewe ni karani. Utafanya nini?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la haki. Hakuwa na kura, hakuwa na sauti. Kwenye kikao hata kikohozi chake alikimeza. Lakini watu wanaodharau kwa muda mrefu hupata ujuzi mmoja: wanawajua wanaowadharau kuliko mama zao. Alijua kwamba hakuna mjumbe ambaye angefungua nakala ya mwenzake. Kanuni ilimkataza, na uvivu ulimkataza zaidi.

Alhamisi, wengine walipokwenda kula, alichapa kitabu upya mara tatu. Maneno yale yale, kurasa zile zile sitini. Cha kwanza kilianza na Uislamu, cha pili na Ukristo, cha tatu na Uhindu, kila kimoja na namba zake za kurasa. Karatasi ya sahihi ilikuwa moja, peke yake. Nakala ya nne, ya Mwenyekiti, aliifanya ianze na dibaji ya Mwenyekiti, ambayo karani aliitunga mwenyewe na kuijaza maneno marefu.

Ijumaa wajumbe walipoketi, kila mmoja alikuta nakala yake mbele yake. Sheikh akafungua, akaona, akaufunika ukurasa kwa kiganja haraka kama mtu aliyekuta pochi njiani. Mchungaji naye vivyo hivyo. Wakatazamana kwa huruma, kila mmoja akimhurumia mwenzake aliyeshindwa.

"Mimi leo sina ubishi," alisema Sheikh kwa sauti ya asali. "Mkubwa ni yule anayeachia."

"Ndugu yangu, umenitoa maneno kinywani," alisema Mchungaji. "Kutangulia si hoja."

"Nilijua," alisema Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado anasoma dibaji yake kwa midomo. "Nilijua hekima itashinda."

Wakatia sahihi. Karatasi ikafika dirishani. Fundi Saa alikuwa macho.

Bi Kumbukumbu aliona jambo hilo. Mzee alikuwa amefungua nakala yake, kisha akainamisha shingo taratibu, akatazama nakala ya Mchungaji iliyobaki wazi kando yake mkono ulipokwenda kutia sahihi, kisha akanyoosha macho hadi ya Sheikh ng'ambo ya meza. Macho yaliyozoea gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Akainua kidole.

"Karani," alisema.

Neno moja tu la huyu, na binti wa kaka yake angefungasha chaki zake jioni ile.

"Naam, Mzee."

"Hii kalamu haiandiki. Nipe nyingine."

Akampa. Mzee akatia sahihi, herufi ndogo zilizosimama wima, akarudisha kidevu kifuani.

Wenzake walipokwisha kushuka ngazi wakipeana mikono, yeye alibaki anatafuta kiatu kwa mguu chini ya meza. Bi Kumbukumbu alijifanya anakusanya vikombe.

"Umefanya vitabu vitatu," alisema mzee.

"Ni kimoja, Mzee. Kina milango mitatu."

"Kwa hawa, sawa. Hata mimi ningefanya hivyo." Akakivaa kiatu. "Lakini una makosa mawili."

Damu ikampanda. "Makosa gani? Kila mmoja kasoma kurasa zake."

"Wewe unaamini?"

Mzee akatoa nakala yake, akafungua kurasa za Uislamu, zile ambazo hakuruhusiwa hata kuzigusa. "Hapa. Mtu anatawadha. Umeandika anaosha miguu, halafu anapaka kichwa maji. Sivyo. Kichwa kwanza. Miguu mwisho."

"Umejuaje?"

"Kibanda changu kimetazamana na bomba la msikiti miaka arobaini na moja. Saa zangu nyingi nimezirekebisha kwa kuwatazama wale." Akageuza kurasa. "Na huku. Umeandika Yesu alibatizwa ziwani. Ni mtoni. Hiyo nimeisoma mwenyewe. Mteja aliniachia Biblia kama dhamana ya saa, hakurudi."

Bi Kumbukumbu alishika mgongo wa kiti. Sheikh alikuwa ametia sahihi kwenye miguu kabla ya kichwa. Mchungaji alikuwa amembatiza Bwana wake mahali pengine. Wangeweza kuandikiwa kwamba wana mikia, nao wangehesabu mistari na kushukuru. Lakini dharau aliyotaka kuwamwagia haikumwagika vizuri, maana makosa yalikuwa yake.

"Na kurasa zako?" aliuliza, sauti imepungua.

"Nilizisoma mwisho. Makosa hakuna." Akasimama kwa kushika meza, na meza ikayumba. "Ila umeandika kama mtu anayeogopa kuvunja glasi. Watoto watalala."

"Kama wewe kikaoni."

Lilimtoka kabla hajalishika. Mzee akamtazama, halafu akacheka kicheko kikavu.

"Mama, wewe ungesikiliza wale kwa macho wazi? Mimi nafunga macho, masikio nayaacha. Kitabu hiki umekiandika wewe. Siku ile waliposifiwa, nilisikia kalamu yako ikisimama."

Akashuka ngazi, moja moja. Bi Kumbukumbu alikaa kwenye kiti cha Mwenyekiti, ambacho hakuwahi kukikalia, akasahihisha kichwa na miguu, ziwa na mto, mara tatu, katika vitabu vyote vitatu. Kisha akazifungua tena kurasa za Uhindu, akafuta aya nzima ya heshima, akaandika upya.

Barua ya kibali ilitoka Jumatatu. Mkataba wa binti ukabaki. Vitabu vilipigwa chapa, theluthi kwa theluthi, na Bi Kumbukumbu alimwagiza mpiga chapa kwamba kila shule ipate namna moja tu. Mpiga chapa akaitikia ndiyo mara mbili, akavichanganya vyote kwenye maboksi kama karanga.

Wiki ya pili ya muhula simu yake ililia asubuhi. Nyuma ya sauti ya binti wa kaka yake kulikuwa na kelele za watoto kama kuku waliofunguliwa.

"Shangazi! Vitabu gani hivi?"

"Vimefanyaje?"

"Nimewaambia fungueni ukurasa wa tano. Huyu yuko msikitini, huyu yuko mtoni, huyu yuko hekaluni! Dawati moja, dini tatu! Wananiambia, 'Mwalimu, mimi changu kimekosewa.' Nikitaja ukurasa, nataja mara tatu!"

Bi Kumbukumbu alifumba macho. "Sasa unafanyaje?"

"Nifanyeje? Nimewaambia kila mtu amsomee jirani yake alichonacho. Ndiyo kelele hizo unazosikia. Mmoja anamsomea mwenzake habari za kutawadha, mwenzake anamwambia, soma polepole, nyumbani ni hivyo hivyo kabisa." Akashusha pumzi. "Nani aliyefikiri jambo la kipumbavu namna hii?"

Mlango wa chumba cha mkutano ulikuwa wazi. Ndani, Mwenyekiti alikuwa anamsomea mwandishi wa gazeti taarifa ya mafanikio, na Sheikh na Mchungaji walikuwa wamesimama pembeni yake, kila mmoja ameshika kitabu kilichofunguliwa ukurasa wa kwanza, wakingoja kupigwa picha. Mpiga picha aliwaomba wasogeze vitabu vikaribiane. Wakasogeza. Wakatazama kamera. Hata hapo hakuna aliyetupa jicho kwenye kitabu cha mwenzake.

"Kamati," alisema Bi Kumbukumbu. "Wote walitia sahihi."

"Basi waambie ni wapumbavu."

"Hawatanisikia, mwanangu. Rudi darasani."

Akakata simu, akachukua kalamu na daftari la kumbukumbu, akaingia chumbani kuandika walivyofanikiwa.