Kibao Kipya cha Kibanda Changu

Mwaka mzima kibanda changu cha chakula pale Turffontein kilikuwa na kibao cha Kiingereza kitupu. Nilikiandika hivyo makusudi. Sisi wa Kiswahili huku Johannesburg tumezoea kushusha sauti simu ikiita ndani ya teksi, asije mtu akatugeuzia jicho kwa ugeni wetu. Mimi nikashusha mpaka sauti ya kibao. Jamani, ujinga ule! Chapati nazipika, maharage ya nazi nayaunga, halafu nakaa nayatazama yakipoa. Wakongo na Warundi walipita wakidhani nauza pap, ugali wa huku, kama majirani, na wenyeji walikuwa na pap yao tayari.

Nikajiwekea muda: baridi ikiisha bila wateja, nafunga, narudi kusafisha nyumba ya mama mmoja niliyemfanyia kazi miaka kumi. Nafasi ilikuwa bado ipo. Magoti yangu yaliuma kwa kuifikiria tu.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu. Ni Mzulu, ana miaka themanini na ushee, na tangu mwanawe afariki tunaishi wawili. Mimi na marehemu tulioana Morogoro, alipokuwa huko uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi. Agosti ikiyoyoma, Mama akanikuta nakunja meza.

“Makoti,” akasema kwa Kizulu, maana ndivyo anavyomwita mke wa mwanawe, “kwenu maharage haya yana jina?”

“Yanalo, Mama.”

“Mbona halimo kwenye kibao?”

Nikamwambia naogopa watu. Weee! Alinijia juu.

“Mwanangu alipokuwa kwenu, alikatazwa kusema lugha yake?”

“Hapana, Mama.”

“Basi andika. Kizulu kitakaa chini yake, nitakutajia mwenyewe. Mwenye neno aje kwangu.”

Jumamosi tukapaka rangi. Juu nikaandika: Karibu, chapati, maharage ya nazi, chai ya maziwa. Chini, kwa Kizulu: chakula kipo, ingieni. Jumatatu Mama akaweka kiti chake mlangoni, fimbo mapajani, kama askari wa benki.

Wa kwanza alikuwa Mrundi muuza mikanda. Alisimama, akasoma kwa sauti, akapiga kelele: “Mama, mmefungua lini?”

“Mwaka sasa,” nikamjibu.

“Na mimi napita hapa kila siku natafuna mkate mkavu!”

Alinicheka, nami nikajicheka. Kesho yake alileta wenzake watatu. Wazulu wa mtaani nao wakaanza kuingia. Walimsalimia bibi kwanza, kisha wakauliza chapati ni kitu gani. Kufika Alhamisi maharage yalikwisha kabla ya saa sita.

Ijumaa simu ikaita. Alikuwa yule mama wa kazi ya usafi, anataka kujua naanza lini. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, kwa hiyo mama mkwe akapokea. Akasikiliza hadi mwisho.

“Hawezi kuja,” akasema. “Ana kazi.”

Nikaendelea kukanda huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta.