Filamu Waliyoizima kwa Ajili Yangu

Tulikuwa kikundi cha wanandoa wa kanisa hapo Tawa, na kila mwisho wa mwezi tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu baada ya ibada. Tunakula, tunafundishwa kupendana, halafu tunarudi kwetu kuendelea kununiana. Jumapili hiyo wenyeji walituwekea filamu ya ndoa. Picha yake ya mbele ilikuwa ya bibi na bwana wamekumbatiana, na nafikiri hakuna aliyekuwa ameitazama kabla.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mpole, sauti ya chini, wa kuwabebea akina mama viti. Mimi ndiye wa mdomo, na sitadanganya mtu: nikikasirika, nakasirika. Wakati huo nilikuwa nimegundua ana mwanamke mwingine Kitui mjini, amempangia nyumba. Nilimwambia asipoacha nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nimelala vizuri.

Basi filamu ikaanza. Kulikuwa na bwana mwenye nyumba nzuri na mke wa kelele kama mimi. Bwana hapigi, hatukani. Anazunguka kwa majirani, kwa huruma nyingi, akiwaambia mkewe siku hizi hayuko sawa kichwani, anaona vitu ambavyo havipo, tafadhali wamvumilie. Anawaambia kabla mke hajafungua mdomo. Siku mke anapokuja kusema alichokiona ndani ya nyumba ile, wanamtazama kama mtoto mwenye homa.

Ilinikamata kabisa. Nikasema kwa sauti, kikombe cha chai mkononi, "Huyu mwanaume ni nyoka." Nilidhani akina mama watacheka. Mama mwenye nyumba aliniwekea mkono juu ya goti, akaninong'oneza, "Pole, dada. Wewe utapona."

Nitapona nini? Nikageuza kichwa. Hakuna aliyekuwa akitazama televisheni. Walikuwa wakinitazama mimi, wote, na nyuso zile tunazokwenda nazo kuona mgonjwa. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Zimeni tu," pasta akasema. "Isimsumbue."

Wakazima. Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimbana mama mwenye nyumba jikoni, nikamuuliza ni ugonjwa gani huo. Hakuona sababu ya kuficha, alidhani najua. Tangu kiangazi kianze, mume wangu alikuwa akipeleka jina langu kwenye maombi ya Jumatano, ambayo mimi sikuwa nikienda: mke wangu anasikia sauti, anadhani nina wanawake nje, juzi amemwaga sufuria nzima ya muthokoi uani. Alikuwa anatafuta mahali pa kunipeleka nipumzike. Mtoto wetu angebaki naye, awe salama.

Sauti sikuwahi kusikia. Muthokoi nilimwaga kweli, na ningemwaga tena. Lakini lililonikata maini ni hilo la mtoto. Msichana wetu alikuwa darasa la kwanza, hajui hata kufunga kamba za viatu. Nilitaka kurudi sebuleni nimrarue yule mwanaume mbele ya pasta wake. Matusi yalikuwa tayari kooni, ya Kikamba, yale makali. Nikayameza, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anangoja nipige kelele. Nikasuuza vikombe, nikawaaga kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Njiani mume wangu alinishika kiwiko, vile unavyomsaidia mgonjwa kuvuka barabara. "Leo umetulia vizuri," akasema. Niliogopa kuliko kama angenipiga.

Kesho yake, alipokwenda kazini, nilimtoa mtoto shuleni tukaenda kwetu Migwani. Mama yangu ni mtu wa kufoka. Amenilea kwa makelele, na hasira hii niliyo nayo ni yake. Nilijua atamtukana yule mwanaume mpaka jua litue, na hilo ndilo lililonipa nguvu safari nzima.

Tulimkuta uani akipepeta ndengu. Akaweka ungo chini. Nikaanza kumweleza kabla hata sijaketi: mwanamke wa Kitui, maombi, mtoto. Hakunikatiza. Mama hajawahi kuniacha nimalize kuongea.

"Sawa, mwana wakwa," akasema polepole, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. "Nimesikia yote. Umekula? Ingia ulale kidogo. Bwana yako amepiga simu, mwalimu alimwambia mmetoka. Ako njiani."

Halafu akamshika msichana wangu mkono, akamvuta nyuma yake, akasimama katikati yetu.