Kiini Chenye Kotimiri

Yai likichemshwa sawasawa na kumenywa lingali na joto, hutoa harufu ambayo wengi hawaisikii kwa sababu wana haraka ya kula. Ni harufu nyembamba, kama ya maji ya mvua yaliyolala kwenye sufuria. Ukikatakata kotimiri mbichi karibu yake, harufu hizo mbili hushikana, na hapo mikono yangu husimama yenyewe. Wenzangu ninaopika nao kwenye sherehe hapa Mbeya wameshanizoea. Husema, "Tumaini kaenda kwao," wakacheka, wakanisubiri. Na kweli huwa nimekwenda. Nimekwenda Nyololo, miaka ya sabini, nina umri wa miaka tisa, katika ukungu wa mwezi wa sita unaoingia hata ndani ya blanketi, na mdogo wangu Faraja yu hai.

Nyumbani tulikuwa wanne: bibi mzaa baba, mama, mimi, na Faraja aliyekuwa anakaribia miaka miwili. Baba alikuwa Chunya akichimba dhahabu ambayo sisi hatukuwahi kuiona hata rangi yake. Mwaka ule mahindi yalikuwa yamekauka shambani, tukawa tunakula ugali wa unga wa njano ulioletwa kwa malori, tuliouita yanga, wenye harufu ya gunia. Watoto tulitaniana kwamba ni chakula cha kuku, ukiula sana utaanza kutaga. Mimi nilikuwa mtoto wa ndoto, msinicheke. Nilishaamua kwamba nitakuwa mpishi wa hoteli kubwa yenye vitambaa mezani, ingawa hoteli pekee niliyoijua ilikuwa kibanda cha chai pale barabarani, walipokuwa wakisimama madereva wa malori ya Zambia. Darasani nilikuwa wa katikati, na shule yenyewe niliishia la saba, lakini kwa kuota nilikuwa wa kwanza.

Baba alikuja mwanzoni mwa mwaka ule, akakaa wiki mbili, akarudi Chunya. Mwezi haukupita, miguu ya Faraja ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake zikageuka nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi, uso ukajaa, akaacha kucheza, akawa mtu wa kukaa pale alipowekwa. Kwetu ugonjwa huo ulikuwa na jina. Walisema mtoto amebemendwa, yaani baba na mama wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, na maziwa yameharibika. Hakuna aliyemwambia mama usoni. Walimsalimu "Kamwene" kwa heshima zote, kisha macho yakashuka taratibu hadi kwenye miguu ya mtoto. Bibi akaamuru Faraja aachishwe ziwa siku ile ile, apewe uji wa yanga. Mama naye akaanza kumfunika kitenge mpaka vidoleni hata jua likiwa kali, na zahanati akaacha kwenda, maana benchi la pale lilikuwa refu na lilikuwa na macho mengi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanye nini mama ambaye maradhi ya mwanawe ndiyo aibu yake mwenyewe.

Alikwenda mara moja tu, siku ya mvua, benchi likiwa tupu. Mganga wa zahanati alimpima Faraja, akatikisa kichwa, akasema mtoto huyu ana njaa ya chakula cha kujenga mwili. Apewe yai moja kila siku, na maharage yaliyopondwa, na samaki akipatikana. Mama alirudi akamweleza bibi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba. Bibi alikuwa na kuku saba. Mtu aliyetunga methali ya kuku wa maskini kwamba hatagi hakuwahi kufika kwetu, maana wale walitaga, ila mayai yao yalikuwa ya kuatamiwa au ya kuuzia abiria. Sitaki mumwone bibi kuwa mtu mbaya. Kila alfajiri ndiye aliyemkanda Faraja miguu kwa maji ya moto na majani aliyoyafuata mbali bondeni, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Ila aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba mwanamke hali yai, na kwamba mtoto akilishwa yai kabla ulimi haujakomaa atakuwa bubu au mwizi, na akiwa mgonjwa ndilo litakalommaliza. Alisema neno moja tu, tena bila kupandisha sauti: "Mmeshamvunja mara moja. Sasa mnataka kummaliza?" Mama akainama, akaendelea kuchambua mboga.

Ng'ambo ya barabara, juu kwenye mashamba ya chai, alikaa meneja mmoja na mkewe. Mkewe tulimwita Mama Meneja. Alikuwa amesoma sayansikimu, na alipenda mambo yawe na sura. Siku za wageni alimwita mama akamsaidie, kwa sababu mama alikuwa na mikono myepesi, nami shule ikiwa imefungwa nilifuatana naye kumenya. Chakula alichojivunia Mama Meneja kuliko vyote kilikuwa mayai ya kujaza, ya kuwachangamsha wageni midomo kabla ya kukaa mezani. Mama aliyajua vizuri kuliko mwalimu wake. Aliyaweka kwenye maji ya baridi ndipo akawasha moto, na maji yakianza kuchemka aliyakoroga polepole kwa mwiko ili kiini kikae katikati, kisielemee upande. Tuliyamenya ndani ya beseni la maji. Kukata hakutumia kisu, alitumia uzi, akalizungushia yai na kuvuta, likaachana vipande viwili bila kuchanika. Viini vikaenda kwenye bakuli, vikapondwa kwa uma na malai ya maziwa, chumvi, matone ya limau, haradali kidogo ya kopo. Mwisho kotimiri na majani mabichi ya kitunguu yaliyokatwakatwa kama vumbi. Kiini cha njano kikageuka kijani kibichi chenye madoa, kikarudishwa kwenye cheupe chake kwa kijiko cha chai, kikanyunyiziwa pilipili manga. Nilikuwa nikiyatazama yale mayai yaliyojipanga kwenye sinia naona kama watoto wa shule mstarini, nikasahau nyumbani kukoje.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kumuaga mkubwa mmoja aliyehamishwa, na wageni walitoka Iringa na Mbeya. Tulianza kazi asubuhi. Kufika saa tisa alasiri masinia matatu yalikuwa tayari, na Mama Meneja, aliyekuwa na furaha, alimtania mama: "Mama Tumaini, chukua basi hata moja uonje. Mkweo yuko huko chini, haoni mpaka huku." Wasichana waliokuwa wakipanga glasi wakacheka. Mama naye akatabasamu kwa adabu. "Hayanishuki, mama," alisema. Kisha akageukia dirishani akaanza kupangusa sinia tupu ambalo lilikuwa safi.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nusu moja ya yai ilikuwa imechanika ukingoni, haifai kwa wageni. Niliifunga kwenye jani la kabichi, nikaitia kwenye mfuko wa gauni, nikatoka kama mtu anayekwenda kujisaidia, halafu nikakimbia. Nilipita katikati ya mistari ya chai, matawi yakinichapa mapajani, mkono mmoja umeshika mfuko kama mtu aliyeumia. Nilichokuwa nikikiwaza ni kitu kimoja. Mganga alisema yai, na yai ninalo. Faraja alikuwa ameketi kwenye mkeka jikoni, amefunikwa, mikono juu ya magoti kama mzee. Bibi alikuwa amekwenda kuokota kuni. Nilichota kile kiini cha kijani kwa kidole, nikamtia mdomoni. Cheupe sikumpa, niliogopa kitamkaba, nikakila mimi. Nilikuwa bado namlisha mlango ulipotiwa kivuli na mzigo wa kuni.

Bibi hakunipiga. Alitua mzigo, akapiga magoti, akaupangusa mdomo wa Faraja kwa ncha ya kanga yake, akaitazama ile rangi ya kijani kwa muda mrefu. Halafu akatoka nje, akakaa chini na kushika kichwa.

Faraja alifariki siku ya tatu, asubuhi, majani ya nje yakiwa bado meupe kwa umande ulioganda. Aliondoka kimya kama alivyokuwa akikaa. Wanawake wa jirani walijaa ndani, na walipomaliza kulia, ukaja ule wakati ambao kila msiba unao, wa watu kutaka kujua sababu. Bibi akasema mtoto amelishwa yai katika nyumba hii. Hakusema ni nani. Shangazi yake baba akauliza, nani huyo aliyethubutu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, nikamwona bibi ananitazama na kugeuza macho. Kisha nikasikia sauti ya mama.

"Mimi ndiye niliyempa."

Basi, likawa limeisha hivyo. Awali alikuwa na kosa moja, sasa akawa na mawili. Baba alikuja baada ya maziko, akakaa kidogo, hakugombana na mtu, akarudi Chunya, na barua zake zikapungua mpaka zikakoma. Bibi hakuusema ukweli kamwe, wala mimi. Kilichoniuma zaidi ya maneno ya watu ni jambo dogo: pale Nyololo wanawake huachiana watoto bila kufikiri, shika huyu nikateke maji, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyempa mama mtoto wake ambebe. Akinyoosha mikono, mtoto anahamishiwa bega la pili. Mama alijifunza kutonyoosha mikono. Nami nilikua, nikacheka na wenzangu, nikaota hoteli yangu yenye vitambaa, na chini ya hayo yote nilijijua kuwa mimi ndiye niliyemuua Faraja, tena nikamwachia mama aubebe mzigo huo.

Sasa nina mtoto wangu, Neema, wa miaka miwili. Mwaka jana nilimpeleka kliniki hapa Mbeya, nikamkuta muuguzi akiwafundisha akina mama kwa picha ukutani, na picha ya kwanza ni yai. Walipotawanyika nilibaki, nikamweleza kana kwamba ni habari za jirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nusu yai haiui mtoto, kilichomuua yule kilianza miezi mingi kabla, na walikuwa wamechelewa. Nilitoka nje nikalia nimejiegemeza ukutani. Siku hizi mayai yanauzwa kwenye trei kila kona, na msichana hukaanga yake mawili asubuhi wala hamwogopi mtu. Lakini pale nje, mwisho wa benchi, palikuwa na mama mdogo amemfunika mwanawe kitenge mpaka vidoleni, na jua lilikuwa kali. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Nikamsalimu, tukakaa mpaka alipoitwa.

Wiki ile ile nilipanda basi na Neema kwenda Nyololo. Mama sasa ndiye mwenye kuku, na huwachemshia abiria mayai ambayo mwenyewe hajawahi kuyaonja. Tulikaa jikoni, akammenyea mjukuu wake moja, Neema akawa anachokonoa kiini na kukisambaza hadi masikioni. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema yote, mfuko wa gauni, jani la kabichi, maneno ya muuguzi. Mama hakushtuka.

"Nilikuona ulipochukua," alisema. "Nikageukia dirishani. Kwa hiyo niliposema ni mimi, sikudanganya."

Akachukua maganda, akayapondaponda kwenye kiganja, kama afanyavyo kabla ya kuwapa kuku. Aliendelea kuyaponda hata yalipokuwa unga. Kisha akaniuliza bila kunitazama.

"Alikipenda?"

Katika miaka yote ile nilikuwa nimekumbuka kidole changu, kuni, kanga ya bibi. Hilo sikuwa nimeulizwa na mtu. Nikamwambia kwamba mwanzoni alikunja uso kwa ajili ya haradali, nikadhani atatema. Hakutema. Alimeza, akanitazama, akafungua mdomo tena. Alifungua mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na kitu kilichobaki.

Neema alikuwa amemaliza yai lake na anamnyooshea bibi yake mikono yenye kiini. Mama akamnyanyua, akampakata.

"Kumbe bado alikuwa anataka," alisema.