Nilimsingizia Mungu Ili Nikaione Bahari

Mi ni mkosaji. Nalisema hilo mapema kabla sijaanza kulipamba, maana najijua, mdomo wangu unajua kupamba. Nilisema uongo, na sikuusema kwa jina langu. Niliusema kwa jina la Mungu, nimepiga magoti, macho nimefumba.

Usitafute jina langu. Ni mama wa watoto, nimevuka arobaini, nakaa Gitega. Kanisani walikuwa wananiita mama wa maombi. Mtu akiuguliwa na mtoto alikuwa ananipigia mi kwanza, ndio ampigie daktari. Sasa we fikiria mtu wa namna hiyo akisema uongo, nani atamkagua?

Nililelewa kambini Tanzania, shule sikuiona. Tuliporudi nyumbani nikaolewa, nikazaa, ndipo nikaingia shule ya jioni pamoja na wamama wenzangu, watoto migongoni. Somo la kwanza nililolisoma peke yangu mpaka mwisho, bila mwalimu kunisukuma, lilikuwa la kisiwa. Kwamba ni nchi kavu iliyozungukwa na maji kila upande. Mi nimezungukwa na milima tangu nirudi! Nilirudi nyumbani nikamsomea mume wangu lile somo kama mtu aliyeletewa habari ya mbinguni.

Tangu hapo nikawa namwambia, siku moja nitasimama juu ya kisiwa. Yeye ni mwalimu, mtu wa utani. Akawa ananijibu kwamba ziwa tunalo Bujumbura, viboko wamo, nataka nini tena. Nikamwambia ziwa letu nalijua, nataka pale ambapo ukigeuka kila upande ni maji.

Bon, mwaka huu akakubali. Tungeenda Unguja kwenye konji yake, yaani likizo, mwezi wa saba, wakati shule zimefungwa. Wee! Nilipanga safari hiyo kuliko nilivyopanga harusi yangu. Binti yetu mkubwa alitafuta hoteli kwenye simu, akanionyesha vitanda vyenye taulo zilizokunjwa kama bata. Nikamtumia kijana wa hoteli ujumbe wa sauti: kanisa liko karibu? Na mtu anaweza kuingia majini na kitenge chake, bila kuvaa zile nguo za wazungu? Akanijibu, nasikia anacheka: "Mama, bahari haina sare. Ingia ulivyo." Ujumbe huo niliusikiliza mpaka watoto wakawa wananiigiza mezani.

Chumba kikashikwa. Lesepase, zile karatasi za kuvukia mpaka, zikatoka. Watu wa kwa mume wangu hatukuwaambia neno, na huo ulikuwa uamuzi wangu mi. Mume wangu alisema tuwaambie tu. Mi nikasema bado.

Hapo ndipo wifi yangu akapiga simu kutoka Giteranyi, kwao mume wangu.

Mama mkwe wangu alifariki mwaka uliopita. Kwetu, mtu akishazikwa, inakuja siku ya kumaliza matanga, tunaita kuganduka. Jamaa wote wanakutana, majirani wa mlima mzima wanakuja, pombe ya mtama inaletwa, na mwenye nyumba anasimama kusema maneno ya mwisho juu ya marehemu. Baada ya hapo ndio mnaendelea na maisha. Kabla ya hapo nyumba bado inalia, hata kama hamna mtu mwenye machozi.

Wifi akasema familia imechagua Jumamosi fulani, mwezi wa saba. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya safari yetu.

Nilipaswa kusema palepale: wifi, siku hiyo hatupo, tumepanga safari, mtusogezee. Basi! Maneno ya kawaida. Lakini namjua wifi yangu. Anapenda watu, ila mdomo wake ni kisu cha kukatia ndizi. Nilishamsikia tayari kichwani: mama wa maombi ameacha matanga ya mkwewe, ameenda kulala mchangani na watu walio uchi. Niliona aibu. Kwa aibu hiyo nikasema tutaongea tukija. Mume wangu nikamwambia aniachie mi, nitawaambia mwenyewe.

Tukaenda Giteranyi kwenye kikao cha familia. Databukwe, ndivyo tunavyomwita baba mkwe, alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu tumzike mkewe. Yule mzee alikuwa ameanza kuandaa maneno yake. Kila jioni akiwarudisha mbuzi anaongea peke yake njiani, anasimama, anarudia, anainua fimbo. Majirani walidhani amechanganyikiwa, kumbe anajifunza kumuaga mkewe. Mume wangu akamwomba atuonjeshe kidogo tu.

"Hii si mchuzi," mzee akamwambia. "Utaisikia siku hiyo, na mama yako naye ataisikia siku hiyo."

Nilimsikia anasema hivyo. Kwa masikio yangu haya! Na bado nikafanya nilichofanya.

Walipotaka kufunga neno wakaniomba niombe. Nikapiga magoti. Katikati ya maombi nikanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Kisha nikasema nimeonyeshwa mama, amevaa nguo nyeupe, amesimama mlangoni, anasema bado, siku bado, mngoje mwisho wa mwezi wa nane.

Hakuna nilichoonyeshwa. Nilichokuwa naona ni zile taulo za bata.

Hakuna aliyepinga. Wifi yangu, yule wa mdomo, alianza kulia. Akaniuliza mama alikuwa na sura gani, amenenepa? Nikamjibu amependeza. Mungu wangu, nikamjibu!

Databukwe alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua. Halafu akaniangalia mi, mkaza mwanawe.

"Mukazana wangu, kama ni Mungu amesema, nitangoja. Ila we unayeongea naye, mwambie anayezeeka ni mimi, si yeye."

Watu wakacheka. Na mi nikacheka.

Njiani kurudi Gitega mume wangu aliniuliza mara moja tu kama kweli nimeona. Nikasema ndiyo. Akashika mkono wangu, akasema basi Mungu ametufungulia hata safari. Alimshukuru Mungu kwa uongo wangu!

Siku ya kusafiri, njia yenyewe inapita Muyinga. Hakuna namna nyingine ya kwenda Kobero mpakani. Basi lilipokaribia njia ya Giteranyi, mume wangu akasema tungeshuka tumsalimie mzee hata kidogo, tungepata gari jingine. Nikasema hapana, tutachelewa. Nikavuta kitenge mpaka usoni kama mtu mwenye usingizi. Niliogopa kuonwa na mtu yeyote wa kule aliyekuja sokoni na baiskeli yake.

Sitakudanganya na wewe sasa. Kisiwa kilikuwa kizuri. Nilisimama kwenye ule mchanga nikalia. Niliingia majini na kitenge changu, maji yakakijaza kikafura kama mwavuli, mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Wakati mwingine nilisahau kabisa. Hilo ndilo linaniumiza zaidi, kwamba nilisahau na nilikuwa na furaha.

Jumamosi ikafika. Ile ambayo ingekuwa ya kuganduka. Asubuhi moyo ukanipiga, nikampigia mzee ili nijisikie vizuri. Nilikuwa nimekaa ufukweni.

Akaniambia amevaa koti lake. Nikamwuliza koti la nini. Akasema leo ndiyo ingekuwa siku, kwa hiyo amelivaa aone kama bado linamwenea, maana tangu mkewe aondoke hakuna anayemkumbusha kula. Alikuwa amekaa nje nalo, na viatu amesugua. Kisha akatega sikio.

"Hiyo ni mvua nasikia? Gitega inanyesha, kiangazi hiki?"

Mawimbi. Alikuwa anasikia mawimbi.

"Ndiyo, Databukwe," nikasema. "Inanyesha kidogo."

Mzee wa watu akatangaza kwa majirani kwamba Gitega kunanyesha. Akawahimiza waingize maharage ndani, mvua isije ikawafikia. Wakamcheka, mbingu imekauka kama kigae. Akawaambia mukazana wake hawezi kusema uongo, ni mtu wa maombi. Hayo wifi alinisimulia baadaye kama kichekesho. Sikuweza kucheka tena.

Tukarudi nyumbani, tumeng'aa, tumenenepa. Kabla mwezi wa nane haujafika katikati, simu ikaita. Mzee ameanguka akiwa anatoka kwa mbuzi. Damu imepanda kichwani, upande mmoja umelala. Walimpeleka hospitali, wakamshughulikia vizuri, akapona kufa. Mguu ukarudi kidogo, anatembea na fimbo. Kilichokataa kurudi ni maneno.

Anatoa sauti tu. Sauti moja ndefu, inapanda na kushuka, unasikia kabisa kwamba ndani yake kuna jambo, lakini jambo lenyewe halitoki. Kichwa anatikisa, lakini anatikisa kwa kila kitu. Ukimwuliza kama anataka uji anatikisa. Ukimwuliza kama hataki, anatikisa vilevile. Kuandika hakujua tangu utoto.

Mwisho wa mwezi wa nane tukafanya kuganduka, siku ile niliyoitoa mi kichwani mwangu. Watu walijaa. Walimvalisha lile koti. Mume wangu alijiandaa kusema badala yake, lakini mzee akakataa kukaa. Akasimama na fimbo. Uwanja ukanyamaza mpaka ukasikia mbuzi. Akafungua mdomo.

Sauti ile ikatoka. Akasimama, akainua fimbo, akarudia. Palepale alipokuwa anasimama na kurudia kule njiani, najua. Aliyasema yote, ndugu yangu! Aliyasema kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mtu hata mmoja aliyeambulia neno. Wifi yangu alijifunika uso. Alipomaliza akakaa, jasho linamtoka, akatuangalia mmoja mmoja kama anayeuliza, mmesikia?

Watu wakapiga makofi. Na mzee mmoja karibu yangu akaninong'oneza kwamba bora nilisikia ile sauti ya Mungu, kama tungefanya mwezi wa saba tungeingiwa na mkosi. Nilitoka pale nikaenda kujificha nyuma ya zizi.

Ninajua utaniambia ugonjwa sikuuleta mi. Mchungaji naye aliniambia hivyo. Ni kweli. Ugonjwa ulikuwa na siku yake. Lakini ile Jumamosi mzee alikuwa mzima, amevaa koti, ana maneno yake yote mdomoni, na mi nilikuwa namwambia kunanyesha.

Nilimwambia mume wangu tuliporudi Gitega. Nilimwambia yote, nimekaa kwenye kitanda, yeye amesimama mlangoni. Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja.

"Kwa nini hukusema tu unataka kwenda baharini? Baba angesogeza siku mwenyewe, na angekufungia ndizi za njiani."

Ni kweli, angefanya hivyo. Nilimjua yule mzee. Ndiyo maana sina hata sababu ya kujifichia. Niliiba kitu ambacho ningepewa.

Mume wangu bado anakaa na mi. Anakula chakula changu. Lakini nikianza kuomba mezani, anafungua macho. Namwona. Ananiangalia kama mtu anayekagua.

Cheo cha mama wa maombi nimekirudisha. Nilisimama mbele ya wamama wenzangu nikawaambia nilichofanya, wengine wakanikumbatia, wengine hawanipigii tena. Kwa wifi pia nilienda. Aliniuliza, kwa hiyo mama hakupendeza? Nikasema sikumwona, wifi. Hakusema neno lake kali hata moja. Ningefurahi angelisema.

Na mzee, nilimwendea peke yangu. Alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda chake. Nikapiga magoti, safari hii macho wazi. Nikamwambia sikuonyeshwa kitu. Nikamwambia ile haikuwa mvua, ilikuwa bahari. Nikamwomba anisamehe.

Aliweka fimbo yake chini. Akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, akafungua mdomo, akaanza kusema. Alisema kwa muda, inapanda, inashuka. Sijui kama alikuwa ananibariki au ananikana. Nikamwuliza, "Databukwe, umenisamehe?" Akatikisa kichwa. Nikamwuliza, "Hujanisamehe?" Akatikisa kichwa.

Nitaishi na hilo. Kila tunapoenda kumsalimia nakaa miguuni pake, namsikiliza sauti yake mpaka amalize, labda siku moja nitashika neno. Sikosi. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa.

We mama unayenisoma, unayeaminiwa na watu unapofumba macho: ukitaka kitu, kitake kwa mdomo wako. Sema nataka kupumzika, nataka kusafiri, sitaki kuja, nimechoka. Watakucheka wiki moja, itapita. Usimtume Mungu akakusemee uongo. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu amekaa na maneno yake, amejiandaa, amevaa koti, kaa chini umsikilize leo. Bahari itakungoja.